Sulis, Mars na jedwali la mtandaoni: miungu ya Wakelti chini ya Warumi

Swali: Shikamoo mwalimu. Najisomea historia ya Ulaya ya kale, na kila ninapopita mtandaoni nakutana na jedwali lile lile: Taranis ni Jupiter, Lugus ni Mercury, Teutates ni Mars, Belenus ni Apollo, Sulis ni Minerva, Cernunnos ni Dis Pater. Je, Wakelti, wale watu wa kale wa magharibi mwa Ulaya, na Warumi walikuwa wakiabudu miungu ile ile kwa majina tofauti? Au Warumi waliwalazimisha Wakelti wabadili dini? Na huyu Cernunnos mwenye pembe, jina lake la Kirumi limethibitishwa?

Jibu: Marahaba. Nianze na jedwali, maana ndilo linalokupoteza. Mistari yake miwili mitatu ina ushahidi mzuri, mmoja ni wa kukisia kwa hoja zenye uzito, na ule wa mwisho hauna hata jiwe moja la kuushuhudia. Ila tatizo lenyewe ni kubwa kuliko kosa la mstari huu au ule. Ukilisoma jedwali unapata picha kwamba mahali fulani watu walikaa kikao wakaamua mungu huyu wa Kikelti ahesabiwe kuwa yule wa Kirumi, basi ikawa hivyo kila mahali. Kikao hicho hakikuwapo. Walioyaunganisha majina ni watu mmoja mmoja: askari aliyerudi salama, mfanyabiashara, mgonjwa aliyepona, mkubwa wa mji aliyetaka hekalu lenye nguzo kama za Roma. Kila mmoja aliunganisha kwa haja yake, pale alipokuwa, na mtu wa bonde la pili aliweza kuunganisha vingine kabisa.

Mazoea ya majedwali yalianzia kwa Julius Caesar. Alipigana Galia, yaani Ufaransa ya leo pamoja na Ubelgiji na vipande vya nchi jirani, kuanzia mwaka 58 hadi 50 KK. Katika maelezo yake ya vita hivyo anaandika kwamba Wagalia wanamtukuza Mercury kuliko wote, kwamba sanamu zake ni nyingi, kwamba ndiye aliyebuni ufundi wote, ndiye kiongozi wa njia na safari, na ndiye mwenye nguvu kuliko wote katika biashara na kutafuta fedha. Baada yake anamtaja Apollo afukuzaye maradhi, Mars wa vita, Jupiter atawalaye mbinguni, na Minerva afundishaye kazi za mikono. Jina la Kikelti hakutaja hata moja. Alikuwa akiwaandikia watu wa kwao, na Mrumi aliyekuwa akisoma habari za vita alitosheka na hayo. Kwa hiyo ukiona kitabu kimeandika kwamba «Caesar anasema Lugus ndiye Mercury», jua mwandishi amemwekea Caesar maneno mdomoni.

Tacitus, aliyeandika habari za makabila ya Germania mwaka 98 BK, ndiye aliyelipa jambo hili jina ambalo wanazuoni wanalitumia mpaka leo, interpretatio Romana. Anaeleza kabila moja lililoabudu ndugu wawili vijana waliojulikana kama Alci, anasema kwa tafsiri ya Kirumi hao ni Castor na Pollux, mapacha wa Kirumi, halafu anaongeza kwamba hawakuwa na sanamu wala dalili yoyote ya kutoka ugenini. Kwamba miungu hiyo ni ile ile, hasemi. Anamsaidia msomaji wake aelewe wanafanana na nani.

Sasa tazama jinsi jedwali linavyovunjika mara tu linapoguswa. Lucan, mshairi wa Kirumi aliyekufa mwaka 65 BK, anawataja watatu kwa majina yao halisi: Teutates, Esus na Taranis, wote wa kutulizwa kwa damu ya watu. Baadaye sana wafafanuzi wa shairi lake, ambao maelezo yao yamehifadhiwa katika hati iliyoko Bern, Uswisi, walijaribu kueleza watatu hao ni nani. Ufafanuzi wa kwanza unasema Teutates ni Mercury, Esus ni Mars, na Taranis ni Dis Pater wa kuzimu. Wa pili, katika hati hiyo hiyo, unasema Teutates ni Mars, Esus ni Mercury kwa kuwa wafanyabiashara humwabudu, na Taranis ni Jupiter. Jedwali lako limechukua ufafanuzi wa pili na kunyamaza kuhusu wa kwanza. Kuhusu Taranis nadhani limechagua vizuri, kwa sababu jina lake linatokana na ngurumo, na Galia imetoa sanamu za Jupiter aliyeshika radi mkono mmoja na gurudumu mkono wa pili. Gurudumu halikuwa mali ya Jupiter wa Roma. Teutates ni habari nyingine. Jina lake limejengwa juu ya neno la Kikelti la kabila au watu, kwa hiyo kila kabila laweza kuwa lilikuwa na wake, na huyo angeweza kuwa Mars hapa na Mercury pale bila mtu yeyote kukosea.

Walilazimishwa? Kumwabudu Jupiter, hapana. Dola ya Kirumi ilitaka kodi, utulivu, na heshima kwa kaizari. Mtu akishatoa hayo, chemchemi anayoiabudu nyuma ya shamba lake haikumhusu gavana. Lakini usiimeze hivi hivi ile hadithi ya uvumilivu wa Warumi ambayo vitabu vingi hupenda kuisimulia. Madruidi, waliokuwa makuhani, waamuzi na walimu wa Wakelti, walipigwa marufuku. Kaizari Tiberius alitoa amri dhidi yao, kaizari Claudius akaifuta kabisa dini yao kwa mujibu wa Suetonius, mwandishi wa Kirumi, na mwaka 60 au 61 jeshi la Kirumi lilivuka hadi kisiwa cha Mona, kinachoitwa sasa Anglesey huko Wales, likafyeka misitu mitakatifu. Caesar anasema wanafunzi wa madruidi wengine walikaa masomoni hadi miaka 20, wakihifadhi mashairi kwa kichwa, kwa sababu mafundisho ya dini ilikuwa mwiko kuyaandika. Elimu ya namna hiyo ukiwaondoa walimu umeiondoa nzima. Ndiyo sababu leo tuna mamia ya majina ya miungu ya Galia na Britania lakini hatuna hadithi zake. Hatujui Esus alimpenda nani wala aligombana na nani. Tunamwona tu kwenye jiwe, amevaa kama fundi, anakata mti kwa shoka.

Kilichokuja badala ya elimu hiyo ni jiwe lenyewe. Kabla ya Warumi, Wakelti walichonga sanamu chache sana za miungu yenye sura ya mtu. Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasimulia kwamba Brennus, kiongozi wa Wagalia walioshambulia Delphi mwaka 279 KK, alicheka alipoona Wagiriki wamesimamisha miungu ya mawe na mbao yenye umbo la binadamu. Karne tatu baadaye wajukuu wa Wagalia walikuwa wakiagiza sanamu hizo hizo kwa mafundi, pamoja na madhabahu yenye maandishi ya Kilatini. Na hapo, kwenye madhabahu, ndipo majina yalipokutana.

Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa kwa sababu nadhiri tunazijua. Mtu akiwa na shida anaahidi: nikipona, nikifika salama, nikishinda kesi, nitakutengenezea madhabahu. Akipata, anamlipa fundi achonge jiwe, na mwisho wa maandishi fundi anaweka herufi nne, V S L M, ufupisho wa maneno ya Kilatini yanayosema mwenye nadhiri ameitimiza kwa hiari, kama ilivyostahili. Madhabahu za aina hii zimepatikana kwa maelfu, kutoka ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Britania, hadi mto Danube. Sasa nadhiri inataka jina sahihi, maana ukimwita asiye mwenyewe utakuwa umejenga bure. Mtu wa Britania anayejua kwamba mungu wa mlima wao anaitwa Ocelus, na aliyezoea kusikia askari wakimwita Mars, atafanya nini? Ataandika yote mawili. Huko Caerwent, kusini mwa Wales, Marcus Nonius Romanus alifanya zaidi ya hapo mwaka 152: jiwe lake ni la «Mars Lenus au Ocelus Vellaunus», pamoja na nguvu takatifu ya kaizari. Hilo «au» limo kwenye jiwe lenyewe. Mtoaji, aliyelipa fedha zake, anatuambia waziwazi kwamba kwake yeye majina hayo yanabadilishana nafasi. Jedwali lisingeweza kumwingiza mtu huyu hata kwa nguvu, kwa sababu Lenus ni mungu wa Trier, Ujerumani, na Ocelus ni wa Britania, na hakuna Mrumi yeyote aliyekuwa amewahi kusema ni mmoja.

Sulis ndiye anayestahili muda zaidi, kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na ni wa watu wa kawaida. Mjini Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, chemchemi inatoa maji ya joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Warumi waliuita mji huo Aquae Sulis, Maji ya Sulis. Angalia: Maji ya Sulis, siyo ya Minerva. Katika nusu ya pili ya karne ya kwanza BK walijenga hapo hekalu la mtindo wa Kirumi na mabwawa ya kuogea. Mwaka 1727 mafundi waliokuwa wakichimba mfereji wa maji machafu walikuta kichwa cha sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu: uso mtulivu wa mwanamke, nywele zimegawanywa katikati, na dalili kwamba alivaa kofia ya chuma ya vita. Ni Minerva mtupu. Ukikitazama kichwa kile peke yake utasema Sulis amemezwa akaisha.

Lakini mwaka 1790, walipochimba msingi wa jengo jipya karibu na hapo, walikuta mawe ya paa la mbele la hekalu, na katikati yake pana uso mwingine. Kwa kawaida Minerva hubeba kwenye ngao yake kichwa cha Gorgon, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Pale Bath uso huo ni wa mwanamume. Ana masharubu mazito, paji la uso limekunjamana, macho yamemtoka, na nywele zinazunguka kichwa kama ndimi za moto huku nyoka wakichungulia katikati yake. Pembeni kuna bundi mdogo, ndege wa Minerva, amewekwa kama saini. Wataalamu wamebishana miaka mingi: ni Gorgon, ni Bahari, ni jua? Mimi naona fundi alipewa kazi ya kuchonga Gorgon wa Minerva, akaichonga kwa namna ambayo watu wa chemchemi ile wangemtambua wa kwao. Waliopita mlangoni kila siku waliona kilichowahusu.

Halafu kuna vibati. Mwaka 1979 na 1980 wanaakiolojia chini ya Barry Cunliffe walichimba ndani ya chemchemi yenyewe, wakatoa zaidi ya sarafu 12,000 na vibati vyembamba vya madini ya risasi vipatavyo 130, vingi vimekunjwa au kuviringishwa. Roger Tomlin aliyevisoma alikuta karibu vyote ni mashtaka ya wizi. Msomaji wa pwani yetu, ambako aliyeibiwa huenda kuwasomea wezi albadiri, atavielewa bila mwalimu. Docilianus mwana wa Brucerus ameibiwa joho lake lenye kofia. Anamwomba Sulis amnyime mwizi usingizi na watoto, sasa na baadaye, mpaka alirudishe hekaluni, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana. Docimedes amepoteza glovu mbili na anataka mwizi apoteze akili na macho. Annianus ameibiwa sarafu sita za fedha, na katika orodha ya washukiwa anaandika «awe mpagani au Mkristo», maneno yanayotuonyesha kwamba hadi wakati Wakristo walikuwa wameshaonekana mjini, watu walikuwa bado wanapeleka kesi zao kwa mwenye chemchemi.

Na wanamwita nani? Mara nyingi ni Sulis peke yake. Pengine ni Sulis Minerva, na jina la wenyeji linatangulia. Sanamu ni ya Kirumi, jengo ni la Kirumi, lugha ya mashtaka ni Kilatini, hata ufundi wa kuandika laana juu ya risasi umetoka kusini mwa Ulaya. Anayetarajiwa kutenda ni Sulis. Minerva wa Roma hakuwa hakimu wa glovu zilizoibiwa. Kwa hiyo, ukiniuliza kama Sulis «ni» Minerva, nitakujibu kwamba alimpa Minerva kazi mpya.

Hekalu hilo lilipokea na wageni. Peregrinus mwana wa Secundus, mtu wa kabila la Treveri kutoka upande wa Trier, alijenga madhabahu pale pale Bath, ila hakuielekeza kwa Sulis. Aliielekeza kwa Loucetius Mars na Nemetona, miungu ya upande wa kwao, kama msafiri anayefika mji wa watu na kuwasalimu kwanza wazee wake.

Nimetaja Lenus na Loucetius, na wote wawili wanaitwa Mars. Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama. Lenus Mars wa Trier alikuwa mganga. Ng'ambo ya mto Moselle alikuwa na hekalu kubwa lenye chemchemi na ukumbi wa michezo, na alikuwa na mahali pengine pa ibada kwenye mlima wa Martberg, kando ya mto huo huo. Kutoka Martberg limebaki jiwe la mtu aitwaye Tychicus, lenye mashairi ya Kigiriki na Kilatini. Anasema aliteseka mwili na roho mpaka akawa mara kwa mara karibu na mlango wa kifo, akaokolewa kwa upendo wa Mars, na kwamba anatoa zawadi hii ndogo kwa tunzo kubwa aliyopata. Hakuna upanga popote katika shukrani hiyo.

Watu huona ajabu kwamba mungu wa vita anatibu. Ajabu inapungua ukimjua Mars wa wakulima wa Italia. Cato, katika mwongozo wake wa kilimo wa karne ya pili KK, anatoa sala ya kuzunguka shamba na nguruwe, kondoo na fahali. Sala hiyo inamwomba Mars baba afukuze maradhi yanayoonekana na yasiyoonekana, alinde mazao, wachungaji na mifugo, awape afya watu wa nyumbani. Mars huyo ni mlinzi anayesimama mpakani asipite kitu kibaya, kiwe adui au homa. Wakelti waliomchagua kwa ajili ya mlinzi wa kabila lao hawakuwa wamemwelewa vibaya. Walimwelewa Mars wa zamani kuliko yule wa washairi. Kwa sababu hiyo hiyo, kaskazini mwa Britania utamkuta Mars Cocidius na Mars Belatucadrus kwenye kambi za askari, wa vita kweli kweli, na kusini-magharibi, pale Lydney, utamkuta Mars Nodens katika hekalu la karne ya nne lililojaa vinyago vya mbwa, ambako mtu aitwaye Silvianus alimwahidi mungu nusu ya thamani ya pete yake iliyopotea, kwa sharti kwamba asimpe afya yeyote mwenye jina la Senicianus mpaka pete irudi. Wote ni Mars. Ukiandika «Teutates = Mars» umewaacha wote hawa nje.

Apollo vivyo hivyo. Mstari wako wa Belenus unashika vizuri mjini Aquileia, kaskazini mwa Italia. Mji huo ulipozingirwa na kaizari Maximinus mwaka 238, mwanahistoria Herodian anaandika, baadhi ya askari wa Maximinus walisema mungu wa mji huo Belen, ambaye wenyeji walimhesabu kuwa Apollo, alionekana akipigana hewani juu ya mji. Lakini kwenye chemchemi za moto za Galia Apollo ni Borvo, kule Alesia ni Moritasgus, na kuelekea Rhine na Danube ni Grannus. Grannus alifika mbali: mwanahistoria Cassius Dio anamweka pamoja na Asclepius na Serapis katika orodha ya miungu ambayo kaizari Caracalla aliiendea akitafuta uzima wake.

Wake zao ni jambo ambalo jedwali halina hata nafasi ya kulionyesha. Mungu wa kiume mara nyingi anapokea jina la Kirumi, lakini mke anayesimama kando yake anabaki na la kwao. Mercury anasimama na Rosmerta, Apollo Grannus na Sirona, Apollo Borvo na Damona, Mars na Nemetona. Katika michoro ya mawe Mercury ni yule yule wa Roma, ana kofia yenye mabawa, fimbo, mfuko wa fedha. Rosmerta ana pembe ya neema au ndoo. Wengine hueleza ndoa hizi kama mfano wa utawala, mume mshindi na mke aliyeshindwa. Maelezo hayo ni matamu, lakini siyaamini sana, kwa sababu waliozijenga madhabahu hizo wengi wao wana majina ya Kigalia. Watu hawajengi kumbukumbu ya kushindwa kwao kwa fedha zao wenyewe, tena kwa shukrani.

Kuna ambao hawakuunganishwa na mtu. Epona, mlezi wa farasi, alitoka Galia akaingia Roma kwa jina lake mwenyewe, akibebwa na askari wapanda farasi na watu wa mazizi. Juvenal, mshairi wa Kirumi, anamcheka mkubwa mmoja wa Roma kwa kuapa kwa Epona na picha zilizochorwa kwenye mazizi yanayonuka. Kalenda moja iliyopatikana kaskazini mwa Italia inampa sikukuu tarehe 18 Desemba. Warumi hawakuwa na mungu wa kazi hiyo, basi wakamchukua kama alivyo.

Turudi kwa Lugus, mstari ule niliosema ni wa kukisia. Kwamba Wagalia waliupenda sana upande wa Mercury, hilo halina ubishi. Kabila la Arverni lilimlipa mchongaji Zenodorus sarafu za Kirumi ziitwazo sesterti milioni 40 kwa sanamu kubwa ya Mercury, kazi ya miaka 10, na mwandishi Pliny anasema ilishinda kwa ukubwa sanamu zote za wakati wake. Lakini jina Lugus liko wapi? Limo ndani ya Lugdunum, yaani Lyon. Kwenye mawe linatokea kwa shida, tena mara nyingi katika umbo la wingi, Lugoves. Jiwe moja kutoka Osma, Hispania, linataja chama cha washona viatu. Ili tumwone mtu mwenye sura na hadithi inabidi tuende Ireland, ambako majeshi ya Roma hayakutawala kamwe, na ambako watawa wa Kikristo waliandika hadithi za kale karne nyingi baadaye. Pale Lugh, jina lile lile katika lugha ya Ireland, anafika mlango wa Tara, makao ya mfalme, mlinzi anamuuliza ana ufundi gani. Anasema useremala; anaambiwa tunaye seremala. Anasema uhunzi, tunaye mhunzi. Anataja kinubi, ushairi, uganga, na kila mara wanaye. Mwishoni anauliza kama wanaye mtu mmoja mwenye ufundi wote huo. Anafunguliwa. Ukimweka kando ya Mercury wa Caesar, aliyebuni ufundi wote, unaona kwa nini wanazuoni wengi wanawaunganisha, na huko Wales Lleu, jina lile lile katika lugha ya huko, anaonekana katika hadithi akishona viatu. Mimi naona hoja hii ni nzuri. Lakini kati ya Caesar na hati za Ireland kuna zaidi ya miaka elfu moja na bahari, na hakuna jiwe lililoandikwa «Mercury Lugus» la kuziba pengo hilo bila ubishi. Ukiutumia mstari huo, weka alama ya kuuliza.

Na Cernunnos. Chini ya kanisa la Notre-Dame mjini Paris, mwanzoni mwa karne ya 18, yalichimbuliwa mawe ya nguzo iliyosimamishwa na chama cha wenye mashua wa kabila la Parisii enzi za Tiberius, kati ya mwaka 14 na 37. Nguzo imeelekezwa kwa Jupiter, kwa Kilatini. Pande zake zimechongwa Jupiter, Vulcan, Castor na Pollux, na katikati yao, bila kutofautishwa kwa cheo, Esus na shoka lake, fahali mwenye korongo watatu, Smertrios, na mzee mwenye ndevu aliyeota pembe za kulungu, zimetundikwa pete za shingoni. Juu ya kichwa chake limeandikwa jina lake. Halikufuatiwa na jina la Kirumi, wala Jupiter wa upande wa pili hakupewa la Kikelti. Wenye mashua hao walikuwa matajiri, walijua Kilatini na walikuwa na fundi; kama wangetaka kumwita Dis Pater, wangemwita. Dis Pater ameingia kwenye jedwali kwa sababu Caesar anasema Wagalia walidai kuwa wazao wake, na baadaye mtu akatafuta wa kumpachika jina hilo. Nguzo iko katika makumbusho ya Cluny, Paris. Ukiitazama picha yake utaona jina linaanzia kwenye E: herufi ya C imekwisha kulika, na tunaijua kwa michoro iliyofanywa nguzo ilipochimbuliwa.